Jua la Ijumaa

Lori la kiwanda lilifika kituo cha kununulia chai cha Kapsoiyo saa kumi na moja jioni. Lilikuwa limechelewa saa tatu, na matope yalikuwa yamelipaka hadi kwenye mlango wa dereva. Ilikuwa Ijumaa ya Novemba, mwaka wa tisini na saba, mwaka ambao mvua ilianza na ikasahau kuacha. Barabara ya kutoka Litein ilikuwa imekatika mara mbili ikazibwa kwa mawe. Wakulima thelathini na mmoja walikuwa bandani tangu saa nane, wakigeuzageuza majani yao ya chai kwa mikono yasishike joto. Majani mabichi yakikaa kwenye gunia hujipika yenyewe, yakawa mekundu, na majani mekundu kiwanda hakinunui.

Karani wa kituo alikuwa Nyagaka, mtu wa Kisii, mwembamba, mwenye kola safi hata siku ya matope. Kazi yake ilikuwa kukagua majani, kuyatundika kwenye mizani, kuandika kilo na kutoa risiti. Alikuwa Msabato, na kiwandani hakuna asiyejua. Meneja alikuwa amemkubalia asifanye kazi Jumamosi. Chelimo, karani mwenzake, alishika Jumamosi yake, naye akashika Jumapili ya Chelimo ili dada huyo aende kanisani kwao. Mpango huo ulikuwa umekwenda miaka mitatu bila kelele.

Jambo moja tu halikuwahi kuzungumzwa likaisha. Sabato ya watu hawa haingoji Jumamosi asubuhi. Inaingia Ijumaa, jua linapozama. "Ijumaa jitahidi umalize mapema," meneja alikuwa amemwambia, "lakini usiniachie mkulima na majani." Nyagaka akaitikia, wakapeana mikono, na kila mmoja akatoka pale akiomba kimoyomoyo hayo mawili yasije yakakutana siku moja.

Basi siku hiyo yalikutana. Mfukoni mwa shati Nyagaka alikuwa na karatasi ya kanisa yenye saa za kuzama jua, na Ijumaa hiyo iliandikwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Lakini saa yake ya mkono ilikuwa imeingia maji tangu Jumanne. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya mikaratusi. Alipima mbiombio, bila mzaha wake wa kila siku, akafikisha watu ishirini na wanne. Halafu giza likaanza kukaa juu ya maandishi, akawa anaandika ameinamia kitabu, akiogopa kwamba saa imepita. Akafunga kitabu.

"Sabato imeingia," alisema.

Watu saba walikuwa bado hawajapimiwa. Wa mwisho alikuwa Phyllis, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenyekiti wa kamati ya kituo. Alikuwa wa mwisho kwa sababu alimpa mzee Bethwel nafasi yake, maana mzee alikuwa anakohoa. Phyllis ndiye aliyempangisha Nyagaka vyumba viwili alivyokaa na mkewe na watoto.

"Nyagaka," Phyllis alisema, "yangu ni gunia mbili tu. Hata si nzito."

"Mama, siwezi. Si mimi nimekataa. Ni amri ya Mungu."

"Na hii majani?"

"Kesho Chelimo atakuja."

"Kesho itakuwa imeiva kama mboga."

Kimeli, dereva wa lori, alitoa kichwa dirishani. "Bwana karani, pimia hawa saba twende. Mungu mwenyewe anaona barabara vile iko."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Hakucheka sana, lakini Nyagaka alikisikia kile kicheko kikimwingia chini ya kola, na ndicho kilichomfanya mgumu. Akapaza sauti ili wote wasikie.

"Mimi siwezi kumuuza Mungu kwa gunia mbili."

Phyllis aliinama akafunga midomo ya magunia yake kwa kamba, polepole, akitazama kamba tu. Nyagaka alikiweka kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, akakitia kwapani, akaondoka.

Alipanda kilima akiwa na furaha, tena furaha kubwa. Tusimsingizie na tusimfichie. Alijiona mtu aliyesimama imara, na alikuwa tayari anajisikia akilisimulia jambo hilo kanisani. Alipofika kwenye kona, pale shamba la Phyllis linapoanza, upepo ukavuma na mawingu yakafunguka upande wa magharibi. Jua likatokea. Lilikuwa juu ya vilima vya kwao Kisii, ngumi nzima juu, jekundu na kubwa, na mashamba yote ya chai yakameremeta maji.

Nyagaka alisimama. Kule chini lori lilikuwa bado halijaondoka. Gurudumu lilikuwa limezama kwenye tope na wanaume walikuwa wanasukuma. Aliwaona wale saba kando ya magunia yao, na akamtambua Phyllis kwa kitambaa chake cha njano. Kuteremka ni dakika tano. Watu saba ni dakika kumi, na akiharakisha hata hazifiki. Muda ulikuwapo, na yeye aliona kwamba upo.

Lakini angeteremkaje? Angewaambia nini? Kwamba Mungu aliyekuwa amemtaja kwa sauti kubwa namna ile alikuwa amekosea saa? Yule aliyecheka angecheka tena, na safari hii wote wangecheka. Alisimama pale kwa muda wa kutosha kumpimia mtu mmoja. Kisha akageuka, akaenda nyumbani.

*

Janefer, mkewe, alikuwa mlangoni anamenya viazi. Sufuria ya maji ilikuwa jikoni, nguo za kesho bado hazijapigwa pasi, na mtoto mdogo alikuwa uchi ndani ya beseni. Alipomwona mumewe alishtuka akainuka, maganda yakamwagika.

"Umerudi mapema, baba Mokeira. Hata sijamaliza. Leo lori lilikuja mapema?"

"Ndiyo," Nyagaka alisema.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Janefer alimtazama, akautazama ukuta wa nyumba ambao jua lilikuwa linaupiga hadi kwenye msingi, kisha akainama kuokota maganda. Alipiga pasi, akamaliza viazi, akamwogesha mtoto na kumvalisha, na bado jua lilikuwa halijatua. Walipoimba wimbo wa kufungua Sabato, Nyagaka aliimba sauti ya chini kuliko siku zote, na alipofika kwenye sala akaomba kwa maneno machache ya kawaida, akasema amina.

Asubuhi, wakiwa njiani kwenda kanisani wamevaa viatu vizuri, walimkuta Phyllis amemwaga majani yake kando ya zizi. Yalikuwa mekundu na yanatoa mvuke, na harufu yake ilikuwa tamu kidogo, harufu ya kitu kilichooza kabla ya siku zake. Alikuwa amechuma tangu alfajiri pamoja na vibarua wawili, na vibarua hulipwa majani yakinunuliwa au yasiponunuliwa. Alikuwa anayatawanya kwa reki.

"Chamgei," Janefer alimsalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising, mama Mokeira. Sabato njema kwenu."

Alisema hivyo bila kejeli yoyote. Nyagaka angependa kejeli. Kejeli angeweza kuijibu.

Huko kanisani habari zilikuwa zimemtangulia. Mzee wa kanisa, Nyamwange, alimsimamisha mbele ya watu. Alisema kuna ndugu kati yetu ambaye jana alifunga kitabu cha dunia mbele ya lori la dunia, na dereva wa dunia akimsihi. Watu wakasema amina. Nyagaka alisimama amekunja mikono, akaangalia sakafu, na waliomwona wakadhani ni unyenyekevu. Aliona aibu, na bado alibaki amesimama mpaka amina zikaisha.

*

Wakulima sita walipeleka malalamiko kiwandani. Phyllis hakupeleka, lakini kwa kuwa alikuwa mwenyekiti, ndiye pekee aliyeitwa kuwasemea. Jumanne saa nne Nyagaka alijikuta mbele ya meza ya meneja, Bwana Kipkorir, mtu mnene mwenye kuzungumza taratibu. Mzee Nyamwange alikuwa amekuja kumtetea, ameshika karatasi ya saa za jua. Chelimo alikaa karibu na dirisha. Phyllis alikaa kwenye benchi la ukutani, kitambaa cha njano kichwani. Nje, kwenye ngazi, Janefer alikuwa anangoja na mtoto mgongoni, na kupitia mlango uliokuwa wazi nusu vilionekana viatu vyake tu.

"Bwana Nyagaka," Kipkorir alisema, "ulikuja hapa ukaniambia Jumamosi huwezi. Nilikataa?"

"Hapana, mkubwa."

"Nilikupa. Mwenzako Chelimo anakufanyia Jumamosi, wewe unamfanyia Jumapili. Sasa ni Ijumaa jioni pia. Kesho mvua ikizidi, lori litafika usiku. Nifanye nini? Nimwambie mkulima ashike majani yake mpaka Mungu wenu amalize kupumzika?"

"Mkubwa," mzee Nyamwange alisema kwa upole, "ni Mungu wa sisi sote. Na sisi hatuombi mengi. Mpe mtu mwingine Ijumaa."

"Mtu mwingine ni nani?"

Wote walimtazama Chelimo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita hivi, na alikuwa anazungusha kofia ya kalamu kati ya vidole.

"Ijumaa ndiyo ofu yangu," alisema. "Ndiyo siku naenda Chebunyo. Mtoto wangu anakaa huko kwa mamangu." Kisha akaongeza, "Lakini mkubwa akisema, mimi sina neno."

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Nyagaka alikuwa amefanya kazi naye miaka mitatu na hakujua kama ana mtoto.

Kipkorir alivua miwani. "Sikilizeni, mimi sitaki kesi na kanisa. Kama jua lilikuwa limezama, hiyo ni dini, na dini ya mtu nitaiheshimu. Nitapanga zamu upya. Lakini kama jua lilikuwa juu, hiyo si dini. Huyo ni mfanyakazi ameacha kazi na kupoteza majani ya watu, na leo hii namwandikia barua ya kumfuta. Bwana Nyagaka, ulipofunga kitabu, jua lilikuwa limezama?"

Pale ndipo kazi yake ilipokuwa, na vyumba viwili, na karo ya Mokeira. Nyagaka aliviona viatu vya Janefer kwenye ngazi.

"Lilikuwa limezama," alisema.

Mzee Nyamwange akaiweka ile karatasi mezani. Meneja hakuiangalia. Alimgeukia Phyllis.

"Mama, wewe ulikuwa pale hadi mwisho. Jua lilikuwa limezama?"

Phyllis alikuwa anatazama mikono yake magotini. Alipouinua uso, hakumtazama meneja wala Nyagaka. Aliangalia mlangoni.

"Ilikuwa mawingu," alisema. "Ilikuwa giza. Jua ilikuwa imeenda."

"Una hakika?"

"Mimi ni mtu mzima, mkubwa."

Ikaisha hivyo. Nyagaka aliachiwa kazi yake, Ijumaa yake akapewa Chelimo, na mzee Nyamwange akaomba wafunge kwa sala. Meneja akamwambia sala wakaifanyie nje.

*

Walirudi kwa miguu. Janefer alitangulia haraka na mtoto, kana kwamba hataki kusikia chochote nyuma yake. Nyagaka alitembea na Phyllis, akatafuta maneno mpaka wakapita mto, akapata moja.

"Asante, mama."

"Usinishukuru." Phyllis alitembea hatua kadhaa. "Ulipotoka kwa ile kituo, jua ilinipiga kwa macho. Nikaangalia juu nikakuona kwa kona. Umesimama. Nikaambia wale wengine, ngojeni, anarudi. Nikafungua gunia tena."

Nyagaka alipunguza mwendo.

"Tulikungoja," alisema Phyllis. "Sisi wote saba. Wewe ukageuka."

"Mama, kwa nini hukusema pale ofisini?"

"Niseme nini? Bibi yako amesimama nje na mtoto." Akabadilisha kikapu mkono. "Wewe unakumbuka ile mwaka ya vita?"

Alikumbuka. Mwaka wa tisini na mbili, vijana walipopita usiku wakiuliza nyumba za watu wa kuja kama yeye, wasio Wakalenjin, ili wazichome, Phyllis alisimama mlangoni mwake akawaambia hapa hakuna mtu ila yeye na ng'ombe. Nyagaka, Janefer na Mokeira walikuwa wamelala kifudifudi chini ya kitanda chake.

"Hii ni mara ya pili nimedanganya kwa sababu yenu," Phyllis alisema. "Ile ya kwanza sikuona aibu."

Akakata kona kuelekea zizini kwake. Nyagaka alibaki njiani.

Jioni alimwambia Janefer kila kitu, kona, jua, na lile neno "ndiyo" la mlangoni. Alidhani mkewe atalia. Janefer aliendelea kukunja nepi.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Jua lilikuwa ukutani. Pale kwenye ngazi niliomba Mungu useme ukweli. Halafu nikakumbuka karo, nikaomba usiseme. Kwa hiyo usinililie, baba Mokeira. Tumefanya wote."

*

Alhamisi aliomba kumwona meneja peke yake. Alisimama, ingawa aliambiwa akae.

"Mkubwa, Ijumaa ile jua lilikuwa bado. Nililiona kwa macho yangu nikaenda nyumbani."

Kipkorir alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Alikasirika, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka.

"Unajua unafanya nini? Nikiandika hayo, lazima niandike pia kwamba mwenyekiti wa kituo amedanganya mbele yangu. Nitamwondoa kwenye kamati, na wale wakulima watajua alikulinda wewe na majani yao yakioza. Wewe utatoka hapa umejisafisha. Yeye je?"

Nyagaka hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amefikiria dhambi yake tu, kama kawaida yake.

"Mimi sijasikia kitu," meneja alisema. "Nenda ukae nayo."

Nyagaka alifika mlangoni, akashika kitasa, akarudi.

"Basi nirudishie Ijumaa yangu. Chelimo aende Chebunyo."

"Mpaka saa ngapi? Mpaka jua lizame, halafu uniachie watu saba tena?"

Baba yake Nyagaka na mama yake walikuwa Wasabato, na tangu azaliwe hakuwahi kugusa kazi baada ya jua la Ijumaa.

"Mpaka majani yaishe," alisema.

*

Ijumaa iliyofuata anga ilikuwa safi kama imefuliwa. Lori lilichelewa tena, kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na mto, naye Kimeli alizungukia juu. Nyagaka alipima kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo. Nyumbani Janefer alikuwa ameambiwa afungue Sabato peke yake na watoto. Mzee Nyamwange alikuwa amesikia, akatuma neno kwamba kanisa lingezungumza naye Jumamosi, na safari hii hakungekuwa na amina.

Yule mtu aliyecheka wiki iliyopita alikuwapo. Hakucheka. Hakuna aliyemshukuru. Walileta magunia, wakachukua risiti, wakaenda zao. Mbele yao, bila wingu hata moja la kumsaidia mtu kujidanganya, jua lilishuka juu ya vilima vya Kisii, likagusa, likaingia nusu.

Phyllis alikuwa wa mwisho tena. Sijui kama alipanga hivyo. Alipofika mezani alimwaga majani yake yakaguliwe, Nyagaka akapitisha mkono ndani yake. Yalikuwa mabichi, ya baridi, kila tawi majani mawili na chipukizi, kama kiwanda kinavyotaka. Akasaidia kuyarudisha kwenye gunia. Mahali pengine juu ya kilima, wanawake wa kanisa lao walikuwa wameanza wimbo.

"Nyagaka," Phyllis alisema kwa sauti ya chini, "jua imezama."

"Naona, mama."

Alilishika gunia kwa mikono miwili, akalitundika kwenye mizani, akangoja mshale utulie.

"Ishirini na mbili," alisema, akaandika, akamkatia risiti.